Begi Lililofika Salama

Mwaka 2016 dada yangu alijifungua mtoto wake wa kwanza huko Manchester, Uingereza, na nyumbani Mwanza hapakuwa na mjadala: lazima mtu aende. Mzazi wa kwanza haachwi na mumewe peke yake. Magoti ya mama yalikuwa yamekwisha kukataa ngazi za ndege, basi zamu ikaniangukia mimi. Niliomba likizo, nikahangaikia viza miezi miwili, na ilipotoka nikakuta fedha zilizobaki hazifiki nauli.

Ndipo ujanja ukanijia. Badala ya tiketi moja ya kutoka Mwanza mpaka Manchester, nikakata tatu: Mwanza hadi Dar es Salaam, Dar hadi Dubai kwa shirika la bei nafuu, na Dubai hadi Manchester kwa shirika lingine kabisa. Nilipojumlisha na kulinganisha na bei aliyonipa wakala mjini, nilikuwa nimeokoa dola 210. Nilitembea na hesabu ile wiki nzima kama mtu aliyeokota dhahabu Geita. Kila aliyeuliza habari za safari nilimpa na somo la kukata tiketi.

Begi alilifunga mama mwenyewe. Khanga doti tano za kumbebea na kumfunikia mtoto, kilo sita za unga wa ulezi uliosagwa mashine ya jirani, pilipili manga za uji wa mzazi, na shuka alilolifuma kwa mkono tangu alipopata habari za mimba. Kilo ishirini na tatu, hakuna hata gramu ya kuongeza. Akafunga kitambaa chekundu kwenye mshikio ili nilitambue kwa mbali.

Dar nilishuka, nikalichukua begi, nikatoka nalo, nikapanga foleni upya. Hilo nililitarajia. Kwenye kaunta kijana aliniuliza, "Dada, unaishia wapi?" Nikamjibu, "Manchester," nikampa karatasi zangu zote mbili. Akaitazama viza ya Uingereza, akapiga piga kompyuta, akavuta ile lebo ndefu na kuizungusha kwenye mshikio juu ya kitambaa chekundu cha mama. Kijikaratasi kilichobaki akakibandika nyuma ya pasi yangu ya kupandia ndege. Mkanda ukatembea, begi likaingia kwenye lile pazia la mpira. Sikukisoma kijikaratasi. Nilikwisha kutaja Manchester kwa sauti, na niliamini kwamba neno likisemwa kaunta limeandikwa.

Dubai nilifika usiku, nikiwa na saa tano za kusubiri. Nikafuata vibao vya abiria wanaounganisha ndege mpaka kwenye meza ya mhudumu. Akaomba kijikaratasi changu. Akakigeuza kunielekea na kuweka kidole juu ya herufi tatu kubwa kuliko zote: DXB.

"Begi lako limefika," akasema kwa upole.

Nilimshukuru. Nilidhani ananipa habari njema.

"Limefika hapa," akaendelea. "Liko nje, kwenye mkanda. Una viza ya Emirati?"

Sikuwa nayo, kwa kuwa sikuwa nakwenda Emirati. Nilikuwa napita. Lakini kati yangu na ule mkanda palikuwa na madirisha ya uhamiaji, na mtu asiye na viza havuki madirisha yale hata kama upande wa pili linazunguka begi lenye jina lake na kitambaa chekundu cha mama yake. Kuna uchungu wa aina yake katika kujua kwamba mali yako iko umbali wa kuta mbili, haijaibwa, haijapotea, na huwezi kuigusa.

Yule mhudumu hakunitupa. Alipiga simu nne au tano. Ilihitajika mtu wa shirika la kwanza aende kulichukua, alipitishe kwenye ukaguzi, alivushe kutoka jengo la pili la abiria, ambalo liko ng'ambo ya njia za kurukia ndege, mpaka jengo la tatu ninakopandia. Kisha watu wa shirika la pili wakubali kulipokea na kulivisha lebo mpya. Kila aliyepigiwa alikuwa na haki ya kusema hiyo si kazi yake, na ilikuwa kweli si kazi yake. Ilipobaki saa moja nikaambiwa nichague: nipande bila begi au nibaki nalo. Nikapanda.

Manchester nilikwenda moja kwa moja kwenye dawati la mizigo iliyopotea, nimejiandaa kulalamika. Mama mmoja wa Kiingereza akaingiza zile namba kumi za lebo, akasubiri, akatikisa kichwa. Hakuna kitu cha kuandika, akaniambia. Shirika lao halikuwahi kulipokea begi hilo. Na shirika lililolipokea lilikwisha kulifikisha lilikoahidi.

Nilitoka nje kwenye baridi na mkoba wa mkononi wenye nguo za siku moja, na dada yangu aliyekuja na kichanga kifuani akauliza, "Ulezi uko wapi?"

Miaka imepita, na kazi yangu ya ukalimani imenipandisha ndege nyingi tangu siku ile, lakini jibu la yule mama wa Manchester ndilo lililonifundisha zaidi kuliko mengine yote. Nilikuwa nimeshika karatasi tatu nikaziona safari moja, kwa sababu kichwani mwangu ilikuwa moja: nyumbani mpaka kwa dada. Karatasi hazikuwa na kichwa changu. Tiketi ya Dar–Dubai ilijua kwamba kuna abiria atakayepanda Dar na kushuka Dubai, basi. Ya Dubai–Manchester haikujua kama kuna Dar duniani.

Baadaye nilisoma Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania na Kenya zote zimo na ndio unaotawala haki za abiria wa kimataifa na mizigo yao. Ni mkataba mzuri kwa mnyonge. Begi likiharibika una siku 7 za kulalamika kwa maandishi. Likichelewa, siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Na likipita siku 21 bila kufika, linahesabiwa limepotea na unaweza kudai fidia. Kiwango cha juu hupimwa kwa kizio cha Shirika la Fedha la Kimataifa: wakati ule kilikuwa 1,131, na tangu mwishoni mwa Desemba 2024 ni 1,519. Lakini nilipousoma nikijitafuta, sikujiona. Begi langu halikuchelewa hata dakika moja. Lilitua Dubai pamoja nami. Aliyechelewa kulipokea ni mwenyewe.

Nikamkumbuka mama. Miaka ya themanini, nikiwa mtoto, alikuwa akifanya biashara ya ndizi za Bukoba. Mikungu ilipakiwa bandarini Kemondo kwenye MV Victoria, ikalala ziwani, asubuhi ikashushwa Mwanza, na sehemu yake iliendelea kwa gari moshi mpaka Shinyanga na Tabora. Nilikuwa nikimfuata bandarini likizo za shule. Watu wa meli walishusha, wakahesabu, wakasaini, wakarudi melini. Watu wa reli walipokea kilicholetwa mbele yao. Kati ya gati na stesheni hapakuwa na meli wala reli; palikuwa na mchukuzi na mkokoteni wake. Mama alikuwa na mchukuzi wake mmoja miaka yote. Alimlipa vizuri, alimjua mkewe, alihudhuria misiba yake. Wenzake walimcheka kwa kumlipa zaidi ya bei ya bandarini. Yeye alisema ndizi haziozi melini wala haziozi trenini. Zinaoza pale katikati, kwenye jua, mtu akisubiri mtu.

Mtu anayekata tiketi moja ya mashirika mawili yenye makubaliano ya kupokezana mizigo amemlipa yule mchukuzi bila kumwona. Yumo ndani ya nauli. Ndiye anayelihamisha begi kutoka tumbo la ndege hii kwenda tumbo la ndege ile wakati wewe unatafuta choo. Ndege ya kwanza ikichelewa, ndiye anayefanya ya pili iwe deni lao badala ya hasara yako. Mimi nilimfukuza kazi nikaweka mshahara wake mfukoni, dola 210, kisha nikashangaa kukuta hakuna mkokoteni.

Sisemi kwamba tiketi za vipande ni ujinga. Nimezikata mara nyingi baada ya pale na nitazikata tena. Ila sasa, kabla ya kulipa, najiuliza kama kazi ya mchukuzi naiweza mahali pale, kwa pasipoti ile, kwa saa zile.

Pasipoti kwanza. Mtanzania akiunganisha ndege Nairobi, Entebbe au Kigali anaweza kutoka nje bila viza, akachukua begi lake mkandani, akanywa chai, akarudi kulikabidhi upya kaunta. Raia wa Afrika Mashariki tumepewa hilo, na ni wachache wanaolihesabu wanapopanga safari. Kwa hiyo kuungia Nairobi kwa tiketi mbili kunaweza kuwa akili nzuri, mradi uwe umeangalia ni kiwanja kipi: jiji lile lina Jomo Kenyatta na lina Wilson, na barabara ya kati ya viwanja hivyo viwili haina huruma jioni. Rafiki yangu Mkongo kutoka Goma, mkalimani mwenzangu, hali yake ni ngumu kuliko yangu, kwa sababu raia wa nchi yake huhitaji viza ya kupitia hata pale tu anapobadilisha ndege ndani ya viwanja vya nchi za Schengen, bila kutoka nje. Yeye hununua tiketi ramani ikiwa mezani. Nauli inayoitwa nafuu kwangu kwake huwa ni mlango uliofungwa.

Saa ndizo zilizoniumiza mara ya pili. Nilikuwa nimekwisha kuwa mjuzi, nawafundisha wengine, na mjuzi huumwa na nyoka wa aina nyingine. Mwaka 2022 nilikuwa na ndege ya saa sita mchana kutoka Mwanza, na ya kimataifa kutoka Dar saa kumi na moja na nusu jioni, mashirika mawili, tiketi mbili. Ndege ya Mwanza ikasogezwa mpaka saa tisa. Ilipotua Dar nililisubiri begi, nikakimbia nalo kutoka jengo la pili kwenda la tatu, lile jipya lililofunguliwa 2019, jasho likinitoka mpaka kwenye viatu. Kaunta ilikuwa imefungwa. Ndege ilikuwa bado imesimama pale, naiona kupitia kioo, lakini kaunta za safari za nje kwa kawaida hufungwa saa nzima kabla ya kuruka, na begi lisilopita kaunta haliruki.

Shirika la Mwanza lilisema limenifikisha Dar siku ile ile. Kweli. La pili lilisema abiria hakutokea. Nalo kweli. Na hapo nikajua jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: abiria asipotokea kipande cha kwanza cha tiketi, vipande vilivyobaki, pamoja na cha kurudi, kwa kawaida hufutwa. Sikupoteza ndege moja. Nilipoteza kwenda na kurudi. Tangu hapo, kama nina safari ya nje kwa tiketi isiyoungana na ya Mwanza, nalala Dar kwa shangazi, Ukonga, usiku wa kuamkia safari. Shangazi anapenda. Ananiita mgeni wa ndege.

Lile la kusoma herufi sasa nalifanya kama mtu anayehesabu chenji. Kila kiwanja kina herufi tatu: MWZ, DAR, NBO, DXB, MAN. Lebo ikitoka kwenye mashine, kabla mkanda haujatembea, namwomba mhudumu anionyeshe, na nasoma kwa sauti herufi za mwisho. Wengine hununa, foleni nyuma huguna. Zile za mwisho ndizo kituo cha begi, na kama si za mji ninaokwenda, basi naelewa hapo hapo kwamba mchukuzi ni mimi. Naweza kuuliza kama wanaweza kulipeleka mpaka mwisho kwa kuwaonyesha tiketi ya pili. Mara chache wamekubali, pale mashirika yalipokuwa na makubaliano na mhudumu alikuwa na moyo. Mara nyingi wamekataa, na sikuwalaumu: hawadaiwi. Namba ya lebo naipiga picha pamoja na begi lenyewe likiwa wima kwenye mizani. Tarakimu ya pili mpaka ya nne ni namba ya shirika lililoitoa, na hizo humwambia mtu wa kiwanja chochote aanzie wapi kutafuta.

Kuna tovuti siku hizi zinazokuuzia vipande viwili vilivyogundishwa vikaonekana kitu kimoja, bei moja, malipo mara moja. Mpwa wangu alinaswa hivyo. Tazama ile namba ya kumbukumbu ya herufi na tarakimu sita: zikiwa mbili, huenda umenunua safari mbili, hata kama umelipa mara moja.

Na tiketi moja nayo si kinga ya kila kitu. Ukiingia Marekani, kwenye kiwanja cha kwanza unachotua lazima kwa kawaida uchukue begi lako mwenyewe, upite nalo forodha, kisha ulirudishe mkandani kuelekea mji unaokwenda, hata kama lebo imeandikwa mji huo wa mwisho. Watu wetu wengi wamefika Houston au Minneapolis mikono mitupu kwa sababu waliliacha New York wakidhani limeshughulikiwa. Nami kila niliporudi kutoka nje nimelichukua begi Dar kwa ajili ya forodha kabla ya kuendelea Mwanza.

Dawa niliyoipenda kuliko zote ni kutokuwa na begi la kukabidhi. Kwa safari ya wiki moja kikazi nabeba kilo saba mkononi, pasi ya ndege ya pili nimeichukua kwa simu tangu nyumbani, napita kwenye transiti kama maji. Lakini hebu jaribu kwenda kumwona mzazi ukiwa na kilo saba. Kuna safari za mtu, na kuna safari za mzigo ambazo mtu husindikiza tu.

Begi langu lilikaa Dubai siku kumi na saba. Nilizungumza na watu wa mizigo isiyo na mwenyewe kwa simu, kwa barua pepe, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu changu cha madrasa. Walikuwa tayari kulitoa kwa mtu yeyote mwenye ruhusa ya kuingia nchini, barua yangu iliyosainiwa, nakala ya pasipoti yangu na picha ya kijikaratasi. Kaka akamkumbuka mfanyabiashara mmoja wa soko la Mlango Mmoja, Mwanza, ambaye huenda Dubai kufunga mzigo. Alikuwa huko huko wakati ule. Alikwenda kiwanjani mara ya kwanza wakamrudisha kwa kukosa saini. Mara ya pili wakampa. Lakini alikuwa anarudi Tanzania, si Uingereza. Akalitia ndani ya shehena yake ya mabegi ya shule na vyombo vya plastiki, na begi la mzazi wa Manchester likarudi Mwanza.

Dada alikunywa uji wa shayiri wa dukani siku zote arobaini. Kichanga kilifunikwa mablanketi ya Kiingereza, mazuri tu, hayana maneno.

Niliporudi nyumbani baada ya wiki saba, begi lilikuwa sebuleni kwa mama, kitambaa chekundu mahali pake na lebo bado imening'inia kwenye mshikio. Mama alikuwa amefungua zipu, ametoa ulezi usije ukaingia wadudu, amepika uji, na amenibakizia bakuli. Shuka lilikuwa limekunjwa upya kitini, likisubiri safari nyingine. Alikaa akinitazama nikinywa. Kisha akavaa miwani, akaivuta lebo, akaisoma polepole kama alivyokuwa akisoma magunia bandarini.

"Hapa pameandikwa wapi?"

"Dubai, mama."

"Na wewe ulisema unakwenda wapi?"